Jirani Asiyepandisha Sauti

Kila asubuhi Glenys alipokwenda kunywa chai kwa jirani yake, pale Port Pirie, mji wa Australia, alimkuta mama yule amekwisha kupiga simu ofisi ya malalamiko, kaiweka mezani imwimbie muziki wa kusubiri, huku mikono yake minene ikimenya viazi. Malipo ya serikali kwa msaidizi wa kumwogesha mwanawe mlemavu, Corbin, yalikuwa yamesimamishwa bila maelezo, na tangu hapo alikuwa akimwinua mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu, kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Hakulia wala hakutukana. Karani akipokea, alifuta mikono kwenye aproni, akaketi wima kama aliyepata mgeni, na kumuuliza kwanza jina lake.

"Hali ya mwanao imebadilika, mama?" karani mmoja aliuliza.

"Imebadilika, baba. Amenenepa."

Corbin aliangua kicheko, na karani naye akashindwa kujizuia. Kisha mama akasema kwa upole uleule, "Jana tulianguka wote wawili bafuni. Tulikaa sakafuni mpaka jirani yangu Glenys aliposikia. Hilo liandike, nami nitasubiri." Upande wa pili vikasikika vibonye vya kompyuta vikigongwa.

Wiki iliyofuata malipo yalifunguliwa, msaidizi akarudi. Glenys alipofika alimkuta jirani yake amelala kwenye kochi, kinywa wazi, maji yakichuruzika bafuni na Corbin akiimba humo kwa sauti ya juu. Akajipikia chai mwenyewe, akamwacha alale.