Mita Sitini Kutoka Chemchemi ya Buganguzi

Niliondoka Hamugembe, Bukoba mjini, nikiwa na hasira. Mama alikuwa amenipigia simu kutoka Buganguzi: kamati ya mpango wa matumizi ya ardhi imefika kupima mita sitini kuzunguka chemchemi ya kijiji, na kamba imeingia kwenye mikaratusi yetu. "Njoo," alisema, simu ikakatika. Miti ile aliipanda marehemu baba, nami nilikwisha kuipangia kazi, kupaulia nyumba yangu ya mjini. Nikawasha pikipiki.

Kemondo sikusimama hata kunywa chai. Njia nzima nilipanga maneno ya kuwatolea wanakamati wanaomwonea mjane wa watu. Nilipofika Muhutwe nilikuwa nimekwisha kushinda kesi peke yangu.

Muleba mjini niliacha lami, nikaingia njia ya vumbi kati ya migomba na kahawa.

Saa sita mchana niliingia Buganguzi. Jirani yetu Koku alikuwa amejitwisha ndoo. Nilimsalimia, akapita bila kujibu. Kwetu mtu akikunyima salamu, kuna jambo.

Pale chemchemi watu walikuwa wamejaa, mapanga mikononi. Vigingi vilisimama pande zote isipokuwa upande wetu. Maji yaliyokuwa yakibubujika utotoni mwangu yalikuwa membamba kama mkia wa panya, na ndoo zilipanga foleni.

"Nani anamwonea mama yangu?" nilifoka.

Mwenyekiti wa kamati, mwanamke mtu mzima mwenye daftari, hakupandisha sauti. "Hakuna anayemwonea, waitu, ndugu yetu. Wote wamekubali kukata mikaratusi, inamaliza maji. Tunakusubiri wewe. Mama anasema shamba ni la ukoo, mwenye kusema ndiyo ni wewe."

Nikamgeukia mama. "Mae, si uliniita nije kuwazuia?"

"Nilikuita uje ukate," alisema, macho chini.

Aibu ilinishika mbele ya kijiji kizima. Sitasema uongo: niliitazama ile miti, mirefu, imenyooka, nikatamani kugoma. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kunoa panga. Nikaomba shoka.

Alasiri, kigingi cha mwisho kilipigwa. Mama alinisindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Mbona hukuniambia mapema kwamba maji yanaisha?"

"Baba yako alipofariki, shamba likawa lako. Niliogopa ukikasirika utaniambia nihame."

Maneno yale yaliniuma kuliko miti. Nilikuwa nimesafiri kumtetea dhidi ya kamati, kumbe aliyekuwa akimtia hofu miaka yote ni mimi. Hilo ndilo nililojifunza, na sikulipenda.

Sikuondoka siku ile. Asubuhi, kabla sijarudi Bukoba, tulikwenda ofisi ya kijiji, walikokuwa wakiandikisha mashamba kwa ajili ya hati za kimila. Karani aliniangalia mimi akauliza, "Mwenye shamba ni nani?" Nilirudi nyuma hatua moja, nikamwachia mama nafasi. Mama akanitazama, akasubiri, halafu akataja jina lake mwenyewe.