Paache Wenyewe Waimbe

Ukitaka kubisha, bisha, lakini njoo kwanza Kiomboi umwone mdogo wangu Yona. Halafu ndiyo tubishane.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na kiherehere changu kinajulikana. Tulitaka wimbo wa kwenda nao tamasha la kwaya, wa kuwaheshimu Wahadzabe wa kule Mkalama na pori lao, maana walikuwepo kabla babu zetu Wanyiramba hawajafika na majembe. Nikaenda kwao kujifunza. Bibi mmoja akanifundisha kutwa nzima, bila kuchoka. Ila kila baada ya mstari wa tatu alinyamaza kabisa, akatazama vilima, kisha akaendelea.

"Bibi, hapa mbona unanyamaza?"

"Hapo wanaimba wenyewe, waliotangulia. Paache."

Nikaitikia vizuri tu. Nimefika nyumbani nikawaza majaji wa tamasha. Kimya cha mapigo manane? Si watasema tumesahau wimbo? Nikapajaza besi, nikampa Yona. Iramba nzima hakukuwa na besi kama yake. Akisalimia sebuleni, vikombe vinalia kabatini.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa saa tisa alasiri, jua kali, madirisha ya kanisa wazi. Tukafika pale pa kimya. Yona akafungua mdomo, na niamini, sauti yake haikutoka. Zilitoka nyingine, nyingi, za wazee na za watoto, chini ya sakafu tuliyosimama. Ziliimba mapigo yale manane bila kukosea hata moja, zikanyamaza. Nani alizifundisha? Waimbaji walikimbia, wengine wakaacha viatu. Yona alibaki ameshika koo, ananitazama mimi. Niliogopa mpaka leo sijui nilifikaje nyumbani.

Sauti yake haikurudi, na hospitali hawakuona kitu. Siku ya tatu nikapanda pikipiki kwenda kumwangukia yule bibi. Nilimkuta nje ya kibanda chake, amefunika mdomo kwa kiganja.

"Shikamoo, bibi."

Akaondoa kiganja. "Marahaba."

Ilikuwa sauti ya Yona. Ile ile, mpaka kale kamkwaruzo ka mwishoni. Nikakaa chini. Bibi mwenyewe alikuwa analia. Akaniambia, kwa besi ile ile, kwamba hakuiomba. Ameletewa na waliotangulia aitunze, na hajui wataitaka irudi lini.

Wimbo bado tunauimba, na ile nafasi tunaiacha. Yona husimama mstari wa besi, mdomo umefungwa.

Kwa hiyo wewe unayefundisha kwaya, ukipewa wimbo wa watu, upokee pamoja na kimya chake. Usijitie ujuzi kama mimi. Kesho alfajiri nina safari tena ya Mkalama, nampeleka mama yetu. Kila akimaliza kuvuna hunishika mkono nimpeleke kwa yule bibi, akae mbele yake, asikie akiitwa mama.