Vigingi vya Ndama

Kwetu tulikuwa na mbuzi saba na maneno mengi. Nilipoolewa upande wa Mhunze, miaka ile machimbo ya almasi ya Mwadui yalipokuwa bado mapya, niliingia kwenye boma lenye ng'ombe wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Mume wangu alifanya kazi machimboni, akirudi mara chache. Safari moja alisema kule kambini watu wanatafuta nyanya kama dawa. Maneno hayo yalinikaa kichwani.

Nikamwomba mama mkwe aniombee kwa mumewe kipande kilichokuwa kando ya zizi, mahali walipofungwa ndama. Mimi nisingethubutu, mkamwana hakuzungumza na baba mkwe hivi hivi. Jibu likarudi kwa njia ile ile: msimu mmoja. Nyanya zikikataa, ndama wanarudi. Na ili nisisahau, vigingi vyao viliachwa vimesimama katikati ya matuta yangu. Nilikitaka kipande kile kuliko kitu chochote, maana hakuna kingine pale kilichoitwa changu.

Basi nikaona mali imelala bure zizini. Kila asubuhi nilizoa mavi yangali yakifuka mvuke, nikayarundika kwenye miche niliyoipanda mpaka shingoni. Aliyekulia kwenye mbuzi saba hajui kiasi. Siku ya nne majani yakawa ya njano. Siku ya saba miche ilikuwa imelala chini, na vigingi nikaviona vimerefuka.

Mama mkwe akaja, akaushika mkono wangu na kuuzamisha katikati ya rundo la mavi nililoliandaa. Niliuchomoa mbio, ndani kulikuwa moto.

"Ungelala humo?" akaniuliza.

"Hapana, mayu," nikasema, maana pale mama aliitwa hivyo.

"Na mche umeulaza humo."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Ulikuwa unatembea kama mwenye ng'ombe," akasema. "Nikaona nisikusumbue. Haya, chukua tenga."

Akanipeleka kwenye zizi la zamani, lililohamishwa miaka mingi nyuma. Mavi ya pale yalishageuka udongo mweusi, wa baridi, usio na harufu. Tatizo ni kwamba baba mkwe alilima hapo tumbaku yake ya ugoro, na hakuruhusu hata kuku kupita. Lakini ilikuwa siku ya mnada, na yeye alikuwa amekwenda na madume mawili. Tulichota pembeni matenga sita, tukisukumana na kucheka kama wasichana, kisha mama mkwe akasawazisha kwa mguu.

Tuliuchanganya na udongo wa matuta, ndipo nikapanda miche iliyobaki kitaluni. Mavi mabichi tuliyakusanya mbali, tukayafunika nyasi yasubiri mwaka mwingine. "Nyanya huliwa mbichi," alinionya, "na mavi mabichi yana maradhi ya tumbo." Tulinawa mikono kwa majivu na maji.

Nyanya zilizaa mpaka matawi yakalala chini. Asubuhi moja baba mkwe akaja mwenyewe. Nikapiga magoti, nikamsalimu. Akazunguka tuta, akachuma moja nyekundu na kuipeleka mdomoni.

"Tuioshe kwanza, baba," nikasema. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Akanitazama. Akaninyooshea ile nyanya, nikaiosha kwenye kibuyu, akaila taratibu hadi ikaisha. Kisha akainama, akachota udongo kidogo, akaupukusa kati ya vidole.

"Udongo huu naujua," akasema. Hakunitazama mimi, alimtazama mkewe, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi sana jikoni.

Nilisubiri hukumu. Akashika kigingi cha kwanza, akakitikisa, akaking'oa. Akang'oa cha pili. Alipomaliza vyote alinirundikia miguuni.

"Fungia nyanya zako," akasema, "zisioze chini."