Kichupa cha Dada

Mimi na dada yangu tulitolewa mtoto wa jicho siku moja, kila mmoja jicho moja, la pili likisubiri zamu. Mimi nikarudi kwangu Mbwawa, yeye akarudi Masaki, Kisarawe, kwenye mikorosho yake. Dawa za matone za kuzuia uvimbe ndizo zilizotofautiana. Yangu ilikuwa na steroidi. Yake haikuwa nayo, kwa sababu presha ya jicho lake ilikuwa juu, na steroidi huipandisha zaidi.

Wiki ya tano jicho langu likaingia ukungu, fremu ya mlango nikaiona imepinda. Badala ya kurudi kwa daktari, nikawa nampigia dada kila jioni kulalamika.

"Yangu haifai kabisa. Yako ndiyo dawa."

"Mimi naona mpaka sisimizi," alinijibu. Nasema kweli, roho iliniuma.

Baada ya miezi miwili ya simu hizo nikapanda bodaboda hadi Masaki, nikasome jina la hiyo dawa yake nikainunue. Nilimkuta kivulini anamenya muhogo. Nilisimama mbele yake nikihema, sijatamka neno. Akainua uso, akanitazama.

"Shikamoo," akasema.

Shikamoo! Dada aliyenibeba mgongoni ananiamkia mimi?

"Dada, ni mimi!"

"Aa, ni wewe? Hukusema kama unakuja," akacheka, akapapasa kando kukitafuta kisu alichokuwa amekiweka sasa hivi.

Nilimwomba anionyeshe dawa. Aliingia ndani akishika ukuta, akarudi na kichupa kilichofungwa kwenye pindo la khanga. Nikakitikisa. Kilikuwa karibu kimejaa.

"Mbona hujatia?"

"Cha kwanza kiliisha. Hiki nilikitia siku chache tu. Uliposema yako haikufai, nikakuwekea."

Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari, tukapigwa picha za macho wote wawili. Retina zetu, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, zilikuwa zimevimba. Daktari alisema hakuna aliyepewa dawa mbaya. Kuna macho yanayohitaji zote mbili kwa pamoja, na langu lilikuwa mojawapo. Angeniongezea ile ya dada, na uvimbe ungepungua. La dada lilikuwa limekaa na uvimbe muda mrefu bila dawa. Angejaribu, ila asingeweza kutuahidi.

Dada akautafuta mkono wangu, akauminya.

"Umesikia?" akasema kwa furaha. "Lako linapona."