Pazia Hukatwa na Watu Wawili

Shangazi yangu ni fundi wa mapazia, na kichwa chake ni kigumu kuliko pasi. Namsema kwa kuwa nampenda. Kitambaa cha pazia ni kirefu na kinateleza, hakikatwi na mtu mmoja: mmoja anavuta, mwenzake anapitisha mkasi. Miaka yote aliyevuta alikuwa Mama Pacha. Siku hizi Shangazi anabana upande ule kwa matofali, na kila akimaliza kukata anakitazama kiti kilichobaki wazi.

Walijuana kiwandani, enzi ambazo msimamizi akiona tumbo limechomoza alimwambia mwanamke achague: mimba au kazi. Shangazi aliambiwa hivyo kwenye mimba yake ya kwanza. Akazima cherehani. Mama Pacha, aliyekaa mashine ya jirani, naye akazima yake, mpaka ukumbi mzima ukanyamaza na msimamizi akafyata mkia. Chama chao cha wanawake kilianzia hapo. Baadaye wakafungua duka pamoja, wakawa chanda na pete.

Kilichowatenganisha ni chama kutaka sheria iruhusu kutoa mimba. Shangazi alisimama mkutanoni akasema atadai kila haki ya mwanamke, ila hiyo hataidai. Kwake ni neno lilelile la msimamizi, limevalishwa nguo nzuri. Binti mmoja mwenye ulimi mkali akamuuliza anatetea wanawake au matumbo yao. Watu wakacheka. Mimi niko upande wa huyo binti, sifichi, lakini kicheko kile kiliniuma. Mama Pacha hakucheka. Mdogo wake alikufa kwa kutoa mimba kwa siri, kwenye chumba cha mtu asiyekuwa na hata glavu. Wiki ileile ya mkutano, Mama Pacha akaja dukani kuchukua cherehani yake.

Tangu hapo, Shangazi akinituma uzi ananiambia nipite njia ya kwa Mama Pacha, eti ni ya mkato. Mkato gani, na nguo inanilowa jasho? Nikirudi ananiuliza kama njiani kulikuwa na watu. Najua anamtaka mtu gani, basi nampa: nimemkuta anaanika nguo, kikohozi chake kimepungua. Anaguna, anarudi kwenye mshono wake, na chakula cha mchana hakigusi. Amemkumbuka mwenzake mpaka anakonda.

Juzi Mama Pacha akaja mwenyewe, akasimama mlangoni. Kuna msichana wa usafi hotelini kafukuzwa kwa sababu ya mimba. Je, Shangazi atakwenda naye kwa meneja? Shangazi alitoka na sindano bado imechomekwa kifuani pa gauni. Walirudi wanacheka kama wasichana. Meneja aliona heri amrudishe yule mtoto wa watu kazini kuliko kuendelea kuwasikiliza hao wawili.

Mama Pacha akashika ncha ya kitambaa bila kuombwa. Wakakata, na mimi nikaomba moyoni pazia lile lisiishe.

“Rudi, mwenzangu,” Shangazi akasema. “Duka limenishinda bila wewe.”

Mama Pacha hakuachia kitambaa. “Mdogo wangu angekuja kwako siku ile, ungemfanyia nini?”

“Ningemlea. Yeye na mwanawe.”

“Na angesema hataki?”

Shangazi aliinamia mkasi wake. Mama Pacha akasubiri, kisha akakilaza kitambaa mezani taratibu, akachukua mkoba wake, akaaga.

Shangazi alikaa pale na mkasi mkononi, machozi yanamtoka. “Ningemwomba asiende,” akaniambia mimi. “Ningemwomba mpaka sauti inikauke. Na kama angekwenda, ningekwenda naye. Ningemshika mkono. Asingekufa katikati ya watu asiowajua.”

“Kwa hiyo umebadili msimamo?”

“Sijabadili kitu.”

Nikamwambia amenituma mengi njia ile, lakini maneno hayo siyabebi. Alikuwa ameshainama chini ya meza, anatafuta viatu vyake.