Kutoka machinjioni hadi tumbo la paka mzee

LOBATSE. Saa tatu na robo asubuhi, katika kliniki ya wanyama, Boitshepo Ramatlapeng anateremsha pazia na kupaka geli ya vuguvugu kwenye tumbo lililonyolewa la paka wa miaka kumi na minne. Paka huyo, Kgosing, halii. Nguvu za kulia zimemwishia.

Aliyemshika miguu ni mwenye paka, Rra (yaani Bwana) Moatlhodi, mwalimu mstaafu. Kabla mashine ya altrasaundi haijawashwa, ameshatoa hukumu: paka wake amelishwa sumu na jirani, Mma (yaani Bibi) Segokgo. Walianza kugombana kwa ajili ya vifaranga wa jirani huyo walioliwa na Kgosing, na sasa ni wiki ya saba hawasalimiani. Anataka ushahidi aupeleke barazani kwa chifu.

Boitshepo anawasha mashine. Anasogeza kifaa taratibu.

“Watu huja na jibu lao tayari,” anasema baadaye. “Mimi nawaacha waongee. Macho yangu yako kwenye kioo cha mashine.”

Kwa miaka kumi na moja alikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni, akipasua tezi za ng'ombe kutwa nzima kutafuta ugonjwa. Mgongo ulipomkataa akiwa na miaka thelathini na minane, aliomba kazi ya usafi katika kliniki hii ya wanyama. Siku moja, akiwa na ufagio mkononi, alimwonyesha Daktari Tiroyaone, kwenye picha ya altrasaundi, tezi iliyovimba ambayo daktari mwenyewe alikuwa ameipita. Daktari akampeleka kusomea upimaji huo. Leo Boitshepo anapima wanyama wapatao ishirini kwa wiki, ingawa neno la mwisho ni la daktari.

Ukuta wa utumbo wa paka mwenye afya huonekana kama mistari iliyopangana. Kwa Kgosing, kwenye kipande kimoja, mistari imefutika na ukuta umenenepa mara tatu. Pembeni zimekaa tezi mbili nyeusi, kubwa kama njugu mawe.

Anamwita daktari. Picha peke yake haitoshi, kwa hiyo daktari anaingiza sindano nyembamba kwenye tezi, akiongozwa na kioo, na kuvuta sampuli. Majibu ya maabara yanarudi baada ya siku nne: limfoma, saratani ya tezi.

Mzee anaporudi, daktari anamwachia Boitshepo amwonyeshe picha.

“Hii ni sumu gani, mwanangu?”

“Si sumu, Rra. Ni saratani. Imeota humo humo ndani, yenyewe.”

“Hakuna mtu aliyemlisha kitu?”

“Hakuna.”

Mzee anauliza kama mashine huweza kukosea. Daktari anamweleza kuwa maabara nayo imesema hivyo hivyo. Kwa vidonge, paka atakula na kupata nafuu kwa miezi miwili, pengine mitatu. Dawa kali zingemwongezea muda, ila zinataka safari ya Gaborone kila wiki. Mzee anachagua vidonge.

Kisha anasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Mwezi uliopita Mma Segokgo alimzika kaka yake. “Mimi nilijifungia ndani,” anasema. “Nyumba ya pili tu, na sikwenda.”

Wiki iliyofuata, aliyemleta Kgosing kupimwa uzito alikuwa Mma Segokgo, kapu mkononi, kwa sababu magoti ya mzee yalikuwa yanamsumbua. Paka alikuwa ameongezeka gramu mia mbili.

“Mzee alikuja akasimama getini kwangu mpaka nikamwonea huruma,” alimwambia Boitshepo. “Paka nimemsamehe. La mazishi bado.”

Boitshepo aliandika uzito huo. Kinachomsumbua ni kwamba Kgosing alikonda kwa miezi mitatu, kutoka kilo tano hadi tatu na nusu, na watu wakasema ni uzee. Ameomba mashine ndogo ya altrasaundi ya kubeba, azunguke vijijini. Hajajibiwa. Hata hivyo, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao atakwenda kijiji cha Pitsane, awapime uzito paka na mbwa wazee na kuandika kilo zao kwenye daftari.

“Mashine nitaisubiri,” anasema. “Mizani ninayo.”