Poda Niliyojipaka Siku ya Kupimwa Matiti

Kanisani kwetu Mamboleo kuna watu bado wananiita marehemu, na siwezi kulalamika, kwa sababu nilijiua mwenyewe, tena mchana, mbele ya kipaza sauti.

Nilikuwa nimeenda mjini kupigwa picha ya matiti, na kwa vile mimi huuza omena, wale dagaa wa ziwani, na ile harufu hainiachi hata nikioga mara mbili, nilijimwagia poda kwapani na chini ya matiti hadi nikawa mweupe (karatasi ya maagizo walinipa, sikuisoma). Siku nne baadaye sista wa hospitali akanipigia simu. “Mama, picha haijaeleweka, kuna vidoadoa. Kuja tuirudie.” Mimi nilisikia vidoadoa tu, nikazima simu, nikakaa wiki tatu nikichagua nguo ya kuzikwa nayo.

Jumapili ya tatu nikasimama kanisani kuaga, nikasema hospitali wameniona vidoadoa kwenye matiti. Nilisamehe kila mtu, na kwa kuwa sikutaka kwenda mbinguni na mzigo, nikamgeukia wifi yangu Akinyi nikamwambia ile sufuria yake kubwa iliyopotea kwenye matanga ya baba mkwe ninayo mimi, na ndiyo ninayopikia pilau ya Krismasi (hata yeye ameila). Akinyi hakuuliza habari ya sufuria.

“Hospitali walisema urudi lini?”

“Wiki tatu zimepita.”

“Kesho tunaenda.”

Kesho yake, usiniulize kwa nini, nikajipaka poda tena. Sista aliponitazama kwapani akapaza sauti, mlango wazi, foleni nzima inasikia: “Mama! Si tulikupatia karatasi? Hii poda ndiyo inaonekana kwa picha!” Nikapanguswa kwa kitambaa cha maji kama mtoto mchanga, nikapigwa picha upya, tukangoja. Daktari akasema hakuna kitu. Akinyi alicheka hadi akakaa sakafuni, mimi nikalia, na wale wa foleni hawakujua wamfuate nani.

Aibu nimeizoea. Kinachonisumbua ni zile wiki tatu. Mimi sikujua ni poda, na kama ingekuwa ugonjwa, ningekuwa nimeupa wiki tatu za bure kuota mizizi huku nikipima nguo mbele ya kioo. Sirudii tena. Wakinipigia, hata kama niko katikati ya kumpimia mteja, naacha kila kitu naenda kuuliza.